Kumlinda mtoto wakati wa maafa: mwongozo kwa mhudumu wa ustawi wa jamii

Vita vinapozuka, mto unapovunja kingo au ardhi inapotetemeka, mtoto hupoteza mengi kwa mpigo: nyumba, shule, wenzake wa kucheza nao, mpangilio wa siku aliouzoea. Hata hivyo, linaloweza kumuumiza kwa muda mrefu zaidi ni kutengana na watu wake. London ilipokuwa ikipigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto katika vituo vyao vya Hampstead. Waliona kwamba mtoto aliyekuwa na mama yake aliweza kustahimili mabomu, ilhali aliyepelekwa mahali salama bila mama aliteseka hata pasipo bomu.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo. Kazi yako ni kumweka mtoto karibu na watu wake au kumrudisha kwao, na kila uamuzi wa kumtenga nao uwe na sababu nzito iliyoandikwa. Nimewaandikia maafisa ustawi wa jamii, wanaojitolea na viongozi wa kambi ambao wamejikuta katikati ya maafa bila muda wa kusoma majalada mazito.

Hatua ya 1: Zijue huduma zilizopo kabla ya kumuuliza mtoto chochote

Kumhoji mtoto juu ya shida zake huku huna pa kumpeleka ni kumtonesha kidonda bure. Kwa hiyo anza kwa kutembea. Zahanati ipi iko wazi usiku? Nani ana dawa za manusura wa ubakaji? Polisi wanaoshughulikia watoto wako wapi, na je, wananchi wanawaamini? Nani anagawa hema, maji na fedha? Andika jina la huduma, mtu wa kumwona, saa za kazi na namba ya simu. Kisha zipige namba zote mwenyewe, maana orodha zinazosambazwa wakati wa maafa hupitwa na wakati haraka.

Ubakaji ndio unaodai maandalizi kuliko yote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120. Ukianza kuulizia zahanati baada ya msichana kufika mlangoni kwako, saa hizo zinakwisha mkiwa njiani.

Weka sawa na mambo ya ofisini. Viwango vya chini vya ulinzi wa mtoto katika shughuli za kibinadamu, vilivyotolewa mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2019, vinataka mhudumu mmoja asibebe zaidi ya watoto 25 kwa wakati mmoja, na msimamizi mmoja aongoze wahudumu 5 au 6. Wakuu wa miradi huuona ukomo huu kama anasa. Utetee. Aliyebebeshwa watoto 80 atajaza fomu tu, wala hatajua yupi kati yao hajaonekana wiki nzima.

Kila anayefika karibu na watoto, dereva na mlinzi wakiwemo, atie saini kanuni za maadili na aelezwe maana yake kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2002 ilifichuliwa kwamba baadhi ya watumishi wa misaada huko Afrika Magharibi walikuwa wakiwadai wasichana wakimbizi ngono ndipo wawape misaada. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa agizo linalowakataza watumishi wake kujamiiana na yeyote aliye chini ya miaka 18, bila kujali sheria ya mahali inasemaje, na kusema "sikujua umri wake" si utetezi.

Hatua ya 2: Zuia utengano usitokee

Si watoto wote wanaotenganishwa na risasi au maji. Wengine hutenganishwa na mipango ya wale waliokuja kuwasaidia. Lori linajaa, mama anaambiwa asubiri la pili, mtoto anatangulia. Majeruhi anahamishiwa hospitali ya mji mwingine na hakuna anayeandika kwamba ameacha watoto wawili chini ya mti. Haya yanazuilika.

Mnapohamisha watu, familia moja ipande gari moja, hata kama safari itachelewa. Watoto wadogo wavalishwe mkononi utepe wenye jina la mtoto, jina la mzazi na mahali walikotoka, isipokuwa pale ambapo kujulikana jina au kabila kunaweza kuwaponza. Hapo tumia namba, na majina yabaki kwenye daftari lako. Wazazi wawafundishe watoto majina yao kamili, maana mtoto mdogo anamjua mama yake kwa "mama" tu. Muuguzi anayempokea mgonjwa amuulize ameacha nani nyuma, na mzazi asipelekwe mbali pasipo mtu mzima wa familia kukabidhiwa watoto mbele ya shahidi.

Angalia pia mgawo wa misaada. Ukitangaza kwamba watoto wasio na wazazi watapata shule ya bweni na matibabu, kesho asubuhi watakuwa wengi kuliko jana, na wengi wao watakuwa wametumwa na wazazi wanaowapenda. Usimlaumu mzazi huyo. Amepiga hesabu akaona mwanawe atapata anachokikosa nyumbani. Dawa yake ni kupeleka misaada kwa kaya zote zenye shida, ili asiwepo anayelazimika kumtoa mwanawe apate msaada.

Na neno "yatima" litumie kwa uangalifu mkubwa. Mwishoni mwa Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti, kundi la Wamarekani lilikamatwa likijaribu kuvuka mpaka na watoto 33 bila hati. Walidai ni yatima. Baadaye ikabainika kuwa wengi wao walikuwa na wazazi walio hai. Mpaka kifo cha wazazi kithibitishwe, mtoto aandikwe kuwa "ametengana na familia", na aliye chini yako asiruhusiwe kuandika vingine.

Hatua ya 3: Watafute wasioonekana

Kuna mtoto asiye na mtu mzima yeyote anayewajibika kwake, na kuna aliyetengana na wazazi lakini yuko na ndugu kama shangazi, babu au kaka mkubwa. Hali hizi mbili zinahitaji ufuatiliaji tofauti. Wa kwanza anashughulikiwa leo hii. Wa pili huenda yuko salama kabisa, lakini mtembelee uone kama analala, anakula na anasoma sawa na watoto wa mwenye nyumba.

Usipite na kipaza sauti kuwaita watoto waliopotea. Wenye nia mbaya nao wanasikiliza. Zungumza kwa faragha na wanaojua: kina mama wa foleni ya maji, walimu, viongozi wa dini, watoto wenyewe. Waulize kuhusu wasiojitokeza kwenye foleni: msichana aliyechukuliwa "kusaidia kazi" katika hema la watu asiowajua, mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa ndani kwa aibu au kwa hofu, mvulana anayeondoka alfajiri na kurudi usiku na pesa, ndugu wanaoishi peke yao huku mkubwa wao akijifanya mtu mzima.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya kwanza

Hapa usiende mbio. Mtoto akuone kwanza ukizungumza na anayemwamini, kisha kaeni mahali mnapoonekana lakini msiposikika. Kaa chini, macho yenu yawe usawa mmoja. Kama ni msichana na angependa kuzungumza na mwanamke, mtafute mwanamke. Kama lugha ni tatizo, mkalimani asiwe jirani yake, wala mtoto mwenzake, wala mtu wa upande uliowafukuza kwao.

Jitambulishe kwa maneno yanayoeleweka: "Naitwa fulani. Kazi yangu ni kusaidia watoto waliopotezana na watu wao. Nitakuuliza maswali. Lolote usilotaka kujibu, niambie tu 'sitaki', wala sitakasirika. Utakayoniambia sitawatangazia watu. Lakini nikisikia kuna mtu anakuumiza au anataka kukuumiza, nitalazimika kumwambia mtu mwingine mmoja atakayetusaidia, na nitakueleza kabla ya kufanya hivyo." Usiahidi siri ambayo huwezi kuitunza.

Kisha sikiliza. Usimdodose alichokiona siku ya shambulio. Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya kumlazimisha mtu asimulie tukio lote kwa mkupuo mara tu baada ya maafa, kwa kuwa hakumpunguzii uchungu na huenda kukamwongezea. Akitaka kusimulia mwenyewe, mpokee. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimwambie asilie. Swali la "kwa nini" liache, mathalani "kwa nini hukukimbia?", maana mtoto hulisikia kama lawama. Mdogo sana huenda akaeleza vizuri zaidi kwa kuchora au kwa vitu vya kuchezea. Usitafsiri mchoro wake. Muulize mwenyewe ni nini.

Usiahidi usichokuwa na uhakika nacho. "Tutampata mama yako" ni kauli nzito mno. Mwambie, "Tutamtafuta, na kila Jumatatu nitakuja kukueleza tumefikia wapi." Jumatatu ikifika, nenda, hata kama huna jipya. Mtoto aliyepoteza kila kitu anaanza kuamini tena kwa kumwona mtu mmoja anayetimiza neno lake.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayomhusu na kuzingatiwa kulingana na umri na upevu wake. Kwa vitendo, muulize: unataka kulala kwa nani? Unamwogopa nani? Wadogo zako wako wapi? Andika majibu kwa maneno yake.

Hatua ya 5: Pima hali, andika mpango

Baada ya mazungumzo jiulize kwanza: je, mtoto huyu akilala hapa usiku wa leo yuko salama? Jibu likiwa hapana, mpango unaanza sasa hivi. Likiwa ndiyo, una siku kadhaa za kumwelewa vizuri: afya yake, masomo, anaishi na nani, nani anamsaidia na yeye mwenyewe anaweza nini. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo la kujengea. Binti aliyewavusha wadogo zake watatu hadi kambini ana nguvu zinazopaswa kuonekana kwenye jalada lake.

Mpango uwe mfupi: nini kifanyike, na nani, lini. Uandike pamoja na mtoto na mlezi wake. Jalada litumie namba badala ya jina, lifungiwe, na taarifa zipewe wale tu wanaozihitaji ili kumsaidia mtoto huyo. Mwandishi wa habari si mmoja wao, wala mfadhili aliyekuja kupiga picha.

Hatua ya 6: Kutafuta ndugu

Kumbukumbu za mtoto mdogo hufutika haraka, kwa hiyo zichukue mapema. Kama hajui jina la kijiji, uliza kuhusu alivyoviona: kulikuwa na mto? reli? mliswali au mlisali wapi? mwalimu wako aliitwa nani? nyumbani walikuita nani? Jina la utani la baba limewahi kuwa na thamani kuliko la kwenye cheti. Nguo alizovaa, kovu, wimbo wa kubembelezea, hayo yote yaandikwe. Mtu mzima aliyemleta aulizwe siku hiyohiyo alimkuta wapi na akiwa na nani, kwani kesho huenda amehama.

Kisha taarifa zipelekwe zinakotakiwa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya kila nchi, wana mtandao wa kutafuta waliopotezana hata kuvuka mipaka, na hupeleka ujumbe wa kifamilia pale ambapo simu na posta hazifanyi kazi. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto waliotengana na familia zao walikuwa wengi kiasi kwamba picha za maelfu yao zilibandikwa kambini na vijijini ili ndugu wawatambue, hasa wadogo wasioweza kujieleza. Picha husaidia, lakini ibandikwe na chombo chenye jukumu hilo, bila kuonyesha mtoto anaishi wapi. Kuitupa kwenye mitandao ya kijamii ni kumtangazia kila mtu, mwizi wa watoto akiwemo.

Akijitokeza anayesema "huyu ni wangu", furaha isikufanye uruke uhakiki. Muulize mambo ambayo ni wa familia tu angeyajua, umtenge na mtoto wakati wa kumuuliza, kisha linganisha majibu na yale yaliyo kwenye jalada. Muulize mtoto kama anamkumbuka na kama anataka kwenda naye. Inawezekana ni baba yake kweli, na inawezekana ndiye aliyekuwa akimpiga kabla ya maafa.

Kumrudisha ni safari yenye maandalizi. Miezi imepita, mtoto amekua, pengine amesahau lugha ya nyumbani, na mama ameolewa kwingine au anaishi kwa wakwe. Waanze kwa simu au ujumbe. Hati za makabidhiano zitiwe saini mbele ya mamlaka ya eneo.

Hatua ya 7: Malezi wakati mnasubiri

Mtoto asiye na mtu anahitaji pa kukaa leo, na hapo ndipo kishawishi cha kufungua kituo cha watoto kinapokuja. Wahisani hukipenda kwa kuwa kinaonekana. Mimi nakipinga, na ushahidi uko upande huu. Utafiti uliofanyika Bucharest, nchini Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifuatilia watoto wadogo waliolelewa vituoni na wenzao waliohamishiwa kwenye familia za kuwalea. Waliohamishwa waliendelea vizuri zaidi, hasa waliotolewa kituoni kabla ya kufikia umri wa miaka 2 hivi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema watoto walio chini ya miaka 3 walelewe katika mazingira ya familia, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe pasipo sababu ya msingi, na umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi.

Fuata mpangilio huu: ndugu wa damu kwanza, kisha majirani na marafiki wa familia, kisha familia nyingine ya jamii yake inayozungumza lugha yake. Vijana wakubwa wanaweza kuishi pamoja wakisimamiwa kwa karibu. Kituo kiwe cha mwisho, kidogo, cha muda, na tarehe ya kutoka ijulikane siku ya kuingia.

Kabla ya kumkabidhi mtoto, tembelea nyumba hiyo, zungumza na kila anayeishi humo na uwaulize majirani. Mwambie mlezi waziwazi kwamba mtoto atarudi kwao siku ndugu wakipatikana. Tembelea tena ndani ya siku chache, na nyakati nyingine bila kutoa taarifa. Zungumza na mtoto peke yake kila mara.

Kuasili, yaani kumchukua mtoto wa mwingine kisheria awe wako, kusifanyike katikati ya dharura. Kanuni za pamoja za mashirika kuhusu watoto waliotengana na familia, za mwaka 2004, zinataka juhudi zote za kutafuta ndugu zifanyike kwanza kwa muda wa kutosha, kwa kawaida si chini ya miaka 2. Mtu mwenye moyo mwema anayetaka kuondoka na mtoto wiki hii, mweleze kwa upole na usimpe.

Hatua ya 8: Mtoto aliyefanyiwa ukatili au aliyetumikishwa vitani

Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, matibabu yatangulie, polisi wafuate kwa ridhaa na kwa sheria ya nchi. Msindikize mwenyewe. Asisimulie kisa chake kwa watu watano tofauti. Andika mara moja kwa ukamilifu, kisha maelezo hayo mkabidhi anayefuata kumhudumia.

Aliyetoka kwenye kikundi cha silaha, awe alibeba bunduki, alipika, alibeba mizigo au "aliozwa" kwa mpiganaji, Kanuni za Paris za mwaka 2007, zinazohusu watoto waliotumikishwa na majeshi au vikundi vya silaha, zinamtambua kwanza kama aliyetendewa uhalifu. Wasichana wengi hurudi kimyakimya kwa kuogopa kunyooshewa vidole. Usiwatenge kwa miradi yao peke yao inayowatambulisha; wachanganye na vijana wengine wa mtaa katika masomo na ufundi.

Hatua ya 9: Mshike mkono na mzazi

Mzazi asiyelala, aliyepoteza kazi na ndugu, huanza kufoka na kupiga. Kabla ya kumhukumu, uliza amekula lini, nani anamsaidia kubeba maji, mume yuko wapi. Msaada wa fedha, kundi la kina mama la kupeana faraja, saa mbili za mahali salama pa kuchezea watoto ili mama apumue, haya huzuia madhara kuliko mahubiri juu ya malezi. Watu wengi watasimama tena wakipata usalama, mahitaji ya msingi na watu wao. Wachache watahitaji mtaalamu wa afya ya akili, hasa anayezungumza kujiua, asiyeweza kabisa kumhudumia mtoto, au anayezidi kudhoofika wiki baada ya wiki. Hao wapewe rufaa bila kungoja.

Hatua ya 10: Kufuatilia na kufunga jalada

Mtoto akisharudi nyumbani, wengi huhesabu kazi imekwisha. Mtembelee ndani ya wiki chache za mwanzo, kisha upunguze kadiri hali inavyotulia. Tazama kama ameandikishwa shule, kama analala sawa na wenzake, kama mzazi anapata msaada ulioahidiwa. Funga jalada pale mtoto yuko salama, malengo ya mpango yametimia, na msimamizi wako ameridhia kwa saini. Mweleze mtoto na mlezi kwamba unafunga, sababu yake, na wamwone nani shida ikirudi.

Mradi ukikaribia kuisha, usisubiri wiki ya mwisho. Majalada yaliyo wazi yakabidhiwe kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya serikali au shirika litakalobaki, moja baada ya jingine, kwa ridhaa ya familia, na mhudumu mpya atambulishwe kwa mtoto ana kwa ana. Yaliyofungwa yahifadhiwe na chombo chenye mamlaka kwa muda unaotakiwa na sheria, kwa sababu kuna ndugu wanaokuja kuuliza baada ya miaka mingi. Na pale vita vinaposogea hadi ofisini, mjue mapema nani atabeba majalada, nani atayafuta kwenye kompyuta na nani atayachoma.